Mama Maktaba Alivyorudisha Kitabu Changu

Nimeandika riwaya moja tu maishani mwangu, ya vijana, inayohusu wasichana wa sekondari, na nikwambie ukweli, sifa nilizopewa hazikunipa raha. Walimu waliisifu. Wanafunzi wa Biharamulo mjini waliazimana mpaka majalada yakachanika. Shangazi yangu aliisifu bila kuisoma. Mimi nilikuwa nasubiri maoni ya mtu mmoja, mtunza maktaba wa shule yetu ya kata, ambaye sote tulimwita Mama Maktaba. Nilimpa dereva wa bodaboda nakala ampelekee Nyabusozi, alikohamia baada ya kuacha kazi.

Na nilimpelekea kwa ubaya. Katika riwaya hiyo yumo mtunza maktaba anayekwenda kwa mkuu wa shule kumsemea mwanafunzi mwenye mimba, na yeyote aliyesoma shule yetu alijua ninamsema nani. Nilitaka ajisome. Nilitaka pia, jamani, aniambie kwamba nimeandika vizuri. Yote mawili nilikuwa nayo moyoni kwa pamoja, na sijui nilitegemea yataishia wapi.

Hakuwa mkutubi wa kusomea. Alikuja pale kama mpishi, na ufunguo wa vitabu alipewa kwa sababu stoo ya vitabu na stoo ya maharage zilitenganishwa na ukuta mmoja uliotoboka. Panya walianza na maharage, wakamalizia na vitabu, mpaka yeye akachoka. Akaziba tundu kwa udongo, akaokota mbao za madawati mabovu, akapigilia rafu. Mwaka mzima alipika huku anaazimisha vitabu, ndiyo maana vitabu vya shule yetu vilinuka moshi. Mpaka leo nikishika kitabu kipya kisichonuka moshi naona kama hakijaiva.

Nyumbani kwake walizungumza Kirundi. Kiswahili alikijulia humo humo stoo, ukubwani, kwa kusoma, kidole kikifuata mstari na midomo ikicheza. Kwa hiyo alikuwa na Kiswahili ambacho sijakisikia kwa mtu mwingine. Baadhi ya maneno yalimgeukia mdomoni, "lete" ikawa "rete" na "lakini" ikawa "rakini", halafu katikati ya hayo anakushushia "ilhali" na "kwa hakika" kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Siku moja sokoni nilimsikia akimwambia muuza dagaa, "Ndugu yangu, dagaa hawa kwa hakika wamekufa mara ya pili." Muuza dagaa alicheka mpaka akamwongeza kiganja kizima. Sisi wanafunzi tulimwigiza bwenini kila jioni, na mimi nilikuwa bingwa wa kumwigiza.

Mvua kubwa zikipita, alitandika mikeka uwanjani na kuanika vitabu vilivyolowa, vimefunguliwa katikati, naye anakaa pembeni na fimbo kufukuza kuku na mbuzi. Mbuzi wa mwalimu wa taaluma aliwahi kula kurasa tatu za kitabu cha uraia. Mama Maktaba hakumsalimia mwalimu huyo muhula mzima. Ukikunja pembe ya ukurasa alikuwa anainyoosha mbele yako kwa ukucha, taratibu, bila kusema neno, mpaka unatamani bora akuchape. Kila kitabu alikivika karatasi ya mfuko wa saruji, na jina la kitabu aliliandika juu yake kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika akiwa ameshakua.

Ila kilichomfanya awe yeye ni namna ya kurudisha kitabu. Ukirudisha, huingii. Unasimama kwenye kizingiti, unasema shikamoo, unasema, "Narudisha kitabu." Yeye ndani anajibu, "Marahaba. Sema." Hapo unatoa maoni yako, kwa sauti, ili walioko kwenye foleni nyuma yako wasikie wajue kama wanakitaka au hawakitaki. Huku unasema, yeye anaandika kwenye kaunta buku: jina lako, jina la kitabu, maoni. Ukimaliza unatia sahihi, na ndipo unaruhusiwa kuazima kingine.

Ukisema kitabu ni kizuri, anaweka kalamu chini. "Uji nao ni mzuri. Sema kitabu." Ukisema umekipenda, anakuuliza umekipendea wapi, umwonyeshe ukurasa. Kuna wasichana walitoka Nyamigogo na Kiswahili cha kuombea maji tu, kama mimi mwenyewe, na kwenye kizingiti kile ndipo tulipojifunzia kusema sentensi ikafika mwisho. Kufikia kidato cha pili nilikuwa nasikilizwa. Watu walijipanga foleni hata kama hawana kitabu cha kurudisha, wanasikiliza tu leo nitamchambua mwandishi gani. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Kutoka mlangoni huoni sehemu ya ndani. Rafu ya mwisho ilikuwa imekingama, na nyuma yake palikuwa na meza ndogo ambayo walimu wakichoshwa na kelele za ofisini walikuja kusahihishia madaftari. Hatukuwaona, nao hawakutuona, na kwa kweli tulikuwa tunasahau kwamba meza ile ipo.

Maoni yake yeye hakuyatoa hata siku moja. Tulimchokoza, "Mama, na wewe unaonaje?" Anajibu, "Mimi natunza." Lakini machozi yalimsaliti. Alisoma huku anachambua maharage kwenye ungo, na ukimkuta anafuta macho kwa kiwiko ujue kuna mtu amekufa kitabuni. Kifo cha ovyo kilimkasirisha kuliko panya. "Huyu mtoto hakupaswa kufa," alimwambia mwalimu mmoja mbele yetu. "Mwandishi amechoka kuandika, basi akamuua." Hilo ndilo lililokaribia kuwa maoni, na alipogundua tunamsikiliza alitufukuza.

Mtu mkali namna hiyo alikuwa mwongo mkubwa. Kila mwisho wa mwaka vitabu vinahesabiwa, na kila mwaka vilipungua, naye anamwambia mkuu wa shule kwa uso mkavu kabisa kwamba vimeliwa na mchwa. Mchwa wa ajabu hao, walipenda riwaya tu, vya hesabu hawavigusi. Tulikuja kujua kwamba Jumapili baada ya kanisa alikuwa anatembea na kitenge chenye vitabu ndani, anawapelekea wasichana walioacha shule, walioolewa, wanaolea. Kijiji hiki kimoja, kile viwili. Na huko nako alidai maoni, mtu ananyonyesha huku anaeleza ukurasa gani umemgusa.

Mara moja tu alinikatisha maoni. Nilikuwa kidato cha tatu, narudisha riwaya ya shule, ya msichana anayepata mimba akiwa kidato cha nne, na nilikuwa nimejiandaa maana kitabu kile kilikuwa kimenikera. Nilianza kueleza jinsi mwandishi asivyojua mambo ya wasichana. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanacheka, mimi ndiyo kwanza napamba moto. Ghafla akapiga meza kwa kiganja. "Inatosha! Toka mlangoni!" Hakuniandika, hakunipa kalamu nitie sahihi. Niliondoka masikio yanawaka, na kwa muda mrefu nilichokikumbuka cha siku ile ni aibu yangu tu.

Sasa nimseme Paskazia. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Alikuwa mpole, anacheka kwa kuficha meno, anajua kusuka kuliko wote bwenini. Mimba yake niliijua mimi peke yangu. Nani alimpa hakuniambia, na alikuwa akilia nikimuuliza, kwa hiyo niliacha kuuliza. Wakati huo msichana akigundulika anafukuzwa siku hiyo hiyo, hakuna mjadala. Mpango wetu ulikuwa afike likizo, aende kwa dada yake, mengine tutayajua mbele. Zilibaki wiki tatu.

Hakufika. Siku moja asubuhi tulimwona Mama Maktaba anavuka uwanja kwenda kwa mkuu wa shule, kaunta buku kwapani. Hakuwa mtu wa kwenda ofisini. Alikaa humo muda mrefu, akatoka anatazama chini, hakujibu hata shikamoo zetu. Kengele ya mapumziko haijalia, Paskazia akaitwa. Mchana baba yake alikuja na baiskeli, godoro likafungwa nyuma, na Paskazia akatembea nyuma ya godoro lake. Sisi tukajumlisha moja na moja. Nani mwingine? Aliingia ofisini mbele ya macho yetu.

Baba yake hakutaka kuonwa na majirani, akampeleka kwa bibi yake Ngara. Huko, uchungu ulimshika mbali na hospitali, na alifia njiani, yeye na mtoto. Mimi nilizisikia habari kisimani kutoka kwa mdogo wake, ambaye alinieleza huku anaendelea kuchota maji kwa sababu nyumbani walikuwa wanayasubiri.

Siku ile ile nilikwenda kwenye jiko la shule, nikachukua mkaa, nikaandika kwenye mlango wa maktaba kwa herufi kubwa: MCHONGEZI. Nilijua atalifuta. Hakulifuta. Kila asubuhi alifungua mlango na neno lile likageukia ukutani, jioni akifunga linarudi kututazama. Foleni ilikufa. Ni watoto wa kidato cha kwanza tu waliokwenda kuazima, wasiojua, na baada ya muda nao wakaambiwa. Mimi sikukanyaga pale tena mpaka namaliza shule. Nilimwona kupitia dirisha la darasa akianika vitabu ambavyo havijalowa.

Ndiyo hayo niliyoyaandika katika riwaya yangu, miaka mingi baadaye, usiniulize mingapi, katika kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi ya Biharamulo. Niliandika katikati ya barua za watu za maombi ya kazi. Msichana wangu wa kitabuni nilimpa meno ya Paskazia na mikono yake ya kusuka. Yule mama nilimpa kila kitu, mfuko wa saruji, ungo wa maharage, hata ile "rakini". Nilimpa na ubaya pia.

Alikaa na kitabu miezi mitano. Halafu dereva wa bodaboda akasimama kibandani. "Bibi wa Nyabusozi anasema uje uchukue kitabu chako. Amekimaliza."

Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta kwenye nyumba ndogo ya bati, migomba nyuma, amekaa juani kwenye kigoda. Alikuwa amekwisha, mwili umebaki wa mtoto. Mtoto wa jicho alikuwa ameshafunika jicho moja na la pili linakwenda, na jirani aliniambia baadaye kwamba kitabu changu alikisoma hapo hapo juani, amekisogeza puani, ukurasa mmoja au miwili kwa siku, na siku za mawingu hakusoma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, kwa hakika." Akanyanyuka kwa kushika ukuta. "Ingia ndani, ukae kwenye kiti kile. Mimi nabaki mlangoni."

Sikuelewa mpaka nilipokaa. Alisimama kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, mkono mmoja umeshika fremu, wa pili una riwaya yangu. Alikuwa ameivika karatasi ya mfuko wa saruji.

"Shikamoo siwezi kukupa, watu watacheka," akasema. "Narudisha kitabu."

Alikuwa ananisubiri nijibu.

"Sema, Mama."

"Nimekisoma mara mbiri. Kiswahili chako kimenyooka. Ukurasa wa kumi na moja, pale mnapogombania ukoko wa ugali, nimecheka peke yangu mpaka jirani akaja kuniangalia. Umemuua yule mtoto. Nililia, rakini hapo sikulaumu, maana hukumuua kwa kuchoka." Akapumua. "Sasa kosa. Yule mama anaingia ofisini, anamsema mtoto. Sawa. Alijuaje?"

"Mama..."

"Mimi ni msomaji, nauliza. Mtoto anaficha tangu mwanzo. Hajamwambia mtu ila rafiki yake mmoja. Yule mama hakuambiwa na yeyote, ilhali siku ya kwenda ofisini anajua kila kitu. Alijuaje? Hukuandika. Mwandishi lazima ajue, hata kama hasemi."

Nilifungua mdomo nijibu kama mwandishi. Nilitaka kusema alikuwa mtu mzima, watu wazima wanaona. Lakini nilikuwa nimekaa ndani, namtazama mtu aliyesimama mlangoni anatoa maoni kwa sauti, na sikuwahi kukaa upande huo. Na nikajisikia nikisema. Si yeye, mimi, na sketi yangu ya kidato cha tatu, foleni inacheka nyuma yangu: "Mwandishi huyu anadanganya! Eti msichana anatapika mbele ya darasa zima. Mwenye mimba hafanyi hivyo. Mwenye mimba anavaa sweta juani, anaomba ruhusa kila kipindi cha michezo, anakula udongo wa ukutani usiku akidhani hatumwoni!"

Shule nzima, mwenye sweta juani alikuwa mmoja.

"Mama," nikasema, "siku ile nani alikuwa kwenye meza ya nyuma?"

"Mwalimu wa malezi. Alikuwa na madaftari ya kidato cha pili."

"Tangu mwanzo?"

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao. "Ndiyo maana nilikukatisha. Nilichelewa."

Mengine nilimtoa mdomoni moja moja, hakutaka. Mwalimu wa malezi alisikia sauti, hakumwona msemaji. Alikwenda na habari ya sweta kwa mkuu wa shule, na mkuu akaagiza kaunta buku iletwe, ili ajue ni mwanafunzi gani aliyejua akaficha, afukuzwe naye. Mama Maktaba akaipeleka. Ukurasa wa siku ile haukuwa na jina langu wala maoni yangu, mstari wangu aliuacha mtupu. Aliwaambia amezeeka, amesahau kuandika, na sauti za wasichana kwake zote ni moja. Kisha akapiga magoti, akaomba Paskazia aachwe mpaka likizo, na ndiyo sababu alikaa muda mrefu.

"Mimi ndiye niliyeandika ule mkaa," nikasema.

"Najua. Ile M yako unaikunja mguu. Umetia sahihi kwangu miaka mitatu."

"Kwa nini hukusema? Hata siku moja?"

"Ningesema nini? Una miaka kumi na sita, mwenzako amekwenda. Nikubebeshe na hilo?" Akakaa kwenye kizingiti, miguu ilikuwa imemchoka. "Na mlango ulikuwa wangu, mwanangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kusema kwa sauti. Kila siku najiambia ningewaacha waninong'oneze tu."

Nililia vibaya. Nililia kama ambavyo sikulia Paskazia alipokufa, maana wakati ule nilikuwa na mtu wa kumlaumu na hasira ilinishikilia. Nilimwambia nakala ziko mikononi mwa watoto, zote zinasema ni yeye, siwezi kuzifuata moja moja. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Waache wasome," akasema. "Ni kitabu kizuri. Rakini andika kingine."

Kisha akaniagiza chini ya kitanda. Kulikuwa na boksi la sabuni, na ndani yake kaunta buku, ile ile, jalada limeliwa kweli na mchwa safari hii. Shule ilipopata rafu mpya za chuma waliitupa, akaiokota. Aliniambia nifungue penye uzi mwekundu. Ukurasa mzima umejaa mwandiko wake mkubwa, jina, kitabu, maoni, jina, kitabu, maoni, na katikati, kwa wino tofauti ulioongezwa baadaye, jina langu, jina la riwaya ile ya shule, na mbele yake hakuna kitu.

"Hao wote waliniambia wakamaliza," akasema. "Wewe tu ndiye niliyekufukuza hujamaliza. Nenda mlangoni."

Alikaa kwenye kiti nilichokuwa nimekikalia, akaweka kaunta buku magotini, akatafuta mstari kwa kidole kwa sababu macho hayakuuona. Nikampa kalamu yangu. Nikasimama kwenye kizingiti. Nje jua lilikuwa linapiga migomba, na kwa mbali jirani alikuwa anatwanga.

"Shikamoo, Mama. Narudisha kitabu."

"Marahaba. Sema."

Nilikuwa nataka kuanza na jina lake, Paskazia, na jina halikupita.

"Sema taratibu, mwanangu," akasema, kalamu imekwishagusa karatasi. "Leo hakuna mtu nyuma ya rafu."